Sifuri za Shangazi

...kwa sababu mstari wa dawa kwenye grafu yangu umeshuka vizuri mno, ndiyo maana naupenda, unaanzia juu kabisa siku ya sindano halafu unateremka polepole kama mtu anayeshuka ngazi kwa kushika ukuta, na Ijumaa nitauweka mbele ya wakubwa wa idara niwaambie, tazameni, mgonjwa wa mabaka sugu hana haja ya kuchomwa kila mwezi, dawa ikikaa mwilini hivi na ngozi ikitulia hivi, sindano moja inatosha miezi miwili, hesabu yenyewe inasema, na daktari wa chumba cha ndani ataanza kupanga hivyo leo, kwa majaribio, na wa kwanza ni shangazi yangu, huyu hapa kando yangu kwenye benchi la kliniki, mikono ndani ya mtandio, aliyenilea na kunisomesha na anayeniita Fomula mbele za watu... maskini shangazi, mabaka mekundu yaliyovimba, asubuhi yapo shingoni, jioni yamehamia kiunoni, miaka nenda miaka rudi, si chakula, si mdudu, mwili tu umeamua kugombana na nafsi yake, na sindano ndiyo iliyomrudishia usingizi, sasa mimi ndiye ninayeipunguza, lakini kwa hesabu safi, nina raha, kweli nina raha, ni ile k tu ya hesabu yangu inayonikera, mkuu wangu wa kazi aliniuliza, "Hii k umeitoa wapi?" nikamjibu imo kwenye ngozi, maana picha wanazotuma wagonjwa zinaonyesha mabaka yamejaa mgongo mzima, na namba za mwasho zinazotoka kliniki zinasema sifuri, sifuri, sifuri, picha na namba hazipatani, nikahangaika nazo hadi nikaota namba, mwishowe nikabuni herufi moja, k ya kuzoea, ngozi ikikaa na mabaka sana huzoea, haiwashwi tena, nikaitia kwenye mlinganyo na kila kitu kikakaa sawa, nikaipenda k yangu kama mtu anavyompenda mtoto mtundu... nesi amevuta kiti, kompyuta iko mbele yake, "Shikamoo mama," "Marahaba mwanangu, hujambo?" "Sijambo, habari za nyumbani?" "Nzuri," "Watoto?" "Wazima wote, huyu mmoja nimekuja naye, eti msomi," nesi anacheka, mimi natabasamu kama msomi, sijawahi kukaa hapa, mimi huletewa namba tu, zimeshapangwa, zimeshanyamaza, "Na mwasho je, habari za mwasho wiki hii?" "Nzuri tu, mwanangu, tunashukuru," na kidole cha nesi kinaelea juu ya sifuri, na ndani ya mtandio kuna sauti ndogo, krr, krr, kucha kwenye ngozi, shangazi anajikuna huku anashukuru... subiri... nzuri tu... alitaka ajibu nini, mbaya? Nani kati yetu ameulizwa habari akajibu mbaya moja kwa moja, hata aliyefiwa huanza na nzuri, kwanza unampa mwenzako salama yake, unavuta pumzi, kisha ndipo unasema ila, nzuri ila mguu, nzuri ila mtoto, habari yenyewe iko baada ya ila, na kompyuta haina subira, ikipata nzuri inaruka kwenda swali linalofuata, na wagonjwa wote walioketi kwenye benchi hili, watu wazima wenye adabu zao, wamerudi nyumbani na ila zao bila kuzisema, na mimi nimeketi ofisini nikapima adabu ya watu nikaiita ngozi, ee k yangu, kumbe wewe si kemikali, wewe ni heshima... basi Ijumaa imekwisha, mstari umekwisha, nitawaambia wakubwa nini, nitawaambia hivi hivi, watacheka, wacheke, nilidhani ningeumia lakini naona kicheko kinanipanda kifuani, sijui kwa nini nimefurahi hivi, labda kwa sababu zile sifuri zilikuwa na watu ndani muda wote, labda kwa sababu ningemwacha shangazi miezi miwili akikesha na kuniambia nzuri kila nikipiga simu, na mimi ningemwamini, ningeandika makala... mlango wa daktari bado umefungwa, kidole cha nesi bado kiko hewani, shangazi amevuta pumzi, ile pumzi naijua, midomo yake imejiandaa, anamtazama nesi kuona kama kuna nafasi, nesi anatazama kompyuta, na mimi namsogelea hadi mabega yetu yanagusana, namuuliza kwa sauti ambayo hata kompyuta itaisubiri, "Nzuri, ila nini, shangazi?"