Maji kwa Chiriku

Niseme mapema: ni mimi niliyepanda jukwaani na chupa ya maji. Watu wameshaanza kumsingizia mlinzi wa ukumbi, na mlinzi ana watoto.

Mimi ni fundi friji, diploma yangu iko ukutani, na jioni nasoma sanaa na vijana wanaoniita Mjomba Barafu. Mwalimu alitutuma tukaangalie mchezo wa kuigiza, kisha kila mtu aandike umemgusa wapi. Mchezo wenyewe ulikuwa mtihani wa mwisho wa Chiriku, binti wa mwaka wa tatu anayeongea hata akiwa anatafuna. Wasahihishaji wawili walikaa mbele na kalamu zao. Akifeli hapo, anarudia mwaka mzima.

Sikuwahi kuona mchezo wa jukwaani. Chiriku alikuwa mama mgonjwa, peke yake, kitanda na dirisha. Akaanza kukohoa. Kikohozi kile, jamani. Kilianzia tumboni, kikapanda, kikakwama. Mama yangu mzazi alikohoa hivyohivyo mwaka wake wa mwisho, nilipokuwa mbali nakariri nyaya za friji, na aliyekuwa anampelekea maji ni jirani. Miguu haikuniomba ruhusa. Nilijikuta juu, kwenye mwanga, nimemnyooshea chupa.

Msahihishaji mmoja akavua miwani. Nikajua nimemharibia mtoto wa watu.

Chiriku akaniangalia, akapokea chupa, akanywa taratibu. Akanishika mkono.

"Ahsante, jirani," akasema kwa sauti ya yule mgonjwa. "Nenda kalale sasa. Na mlango urudishie, baridi inaingia."

Nikaenda. Nikaurudishia mlango ambao haukuwepo. Watu wanapiga makofi, mimi machozi kama nimemenya gunia la vitunguu.

Baadaye nikamfuata nyuma ya pazia, nimebeba samahani zangu zote.

"Mjomba Barafu, maji yako ya baridi mno," akaniambia huku anafuta poda. "Meno yamekufa ganzi, maneno nusura yanipotee."

"Umefaulu lakini?"

"Hawajasema. Wameniuliza jirani nimemtoa wapi. Nikasema anatengeneza friji. Wanasema hawawezi kunipa alama ambazo nusu ni zako, nirudie kesho."

"Basi nisije?"

"Uje. Ila ukae. Ukinyanyuka tu, nimefeli."

Nyumbani mama watoto akaniuliza mchezo ulikuwaje. Nikamwambia nimempelekea mama maji. Hakucheka, na huyo hucheka hata nikipiga chafya. Alinisogezea kiti tu, akakaa karibu.

Kesho yake nilikaa siti ileile, chupa nimeipakata chini ya koti. Mwalimu alikaa pembeni yangu, mkono wake kwenye mkanda wangu, maana hakuniamini. Karatasi aliyotuagiza tuandike ilikuwa bado tupu mfukoni mwangu. Kila nikitaka kuandika nilichohisi linatoka neno ahsante, na huwezi kujaza ukurasa kwa ahsante moja.

Kikohozi kikaja, kilekile. Nikaikalia mikono yangu yote miwili. Wasahihishaji wakainama kuandika.

Chiriku akajiinua kitandani, akatazama gizani upande wangu kabisa, kisha akasema maneno ambayo jana hayakuwepo.

"Jirani, upo? Niletee maji kidogo."