Kiganja cha Hana

Nyie semeni kanisa jipya zuri. Zuri, ndiyo, bati jekundu, vigae chini, feni juu. Mimi nalilia lile la zamani, na sioni aibu.

Lile lilijengwa na babu zetu pamoja na mapadri wazungu, huku kwetu upande wa Mamba. Matofali ya kuchoma yaliunganishwa kwa udongo mtupu, kuta nene, madirisha ya upinde yaliyosimama bila nondo hata moja. Mvua ilipoangusha ukuta wa kusini, tulifyatua matofali wenyewe, kila kaya na alama yake ili katekista ajue nani kaleta. Wengi walichora msalaba. Mwanangu Hana akakandamiza kiganja kwenye udongo mbichi, akacheka. Masika hayajaisha, malaria ikamchukua.

Picha yake sina. Nilikuwa na lile tofali tu. Kila Jumapili nilikaa pale pale ukutani, nikaweka vidole vyangu kwenye vidole vyake. Watu walidhani nasali sana. Wapi!

Ukuta ukapasuka tena, kamati ikaamua kanisa libomolewe. Nikamfuata fundi Makarius, mtoto wa shemeji yangu, nikamwonyesha tofali langu, nikamwomba anitolee hilo moja tu. Akaapa nyundo haitaligusa. Kweli, alilichomoa kwa mikono, akalifunga kwenye shati lake mwenyewe, akasema kazi ikiisha ataniletea. Nilimchinjia kuku.

Siku ya kutabaruku kanisa jipya nikamwuliza lipo wapi. Akanishika mkono, uso unang'aa, akanipeleka mpaka altareni.

"Mama mdogo, niliona ni dhambi likakae jikoni. Hana nimemjengea humu ndani. Hakuna mahali patakatifu kuliko hapa."

Altare yote imefunikwa vigae vyeupe. Nikamwuliza kiganja kimeangalia wapi.

Fundi yeyote wa kwetu, tofali likiwa na shimo, upande ule anaulaza ndani ili saruji ishike vizuri. Mkono wake ulifanya ulichozoea.

"Nimekijaza saruji, mama," akasema, na hapo ndipo alipoelewa.

Sikumtukana. Ningemtukanaje, naye alikuwa analia kuliko mimi? Amejenga imara, huyo kijana. Siku hizi ibada ikiisha nabaki kufagia, watu wakitoka napapasa vile vigae, kimoja kimoja. Vinateleza. Hata upande aliolala Hana siujui.