Koki Zisizoshikika

Meza ya vinywaji ilikuwa tayari kabla wageni hawajafika. Dada Mkubwa aliiweka karibu na dirisha, mbali na mlango ili foleni isizibe njia. Juu yake alipanga mitungi mitatu ya kioo yenye koki: maji ya limau, juisi ya nanasi na chai baridi ya tangawizi. Kando kulikuwa na glasi na ndoo ya barafu, na chini ya kila koki kisahani cha kukingia matone. Ukutani alibandika karatasi: JIHUDUMIE.

Sherehe ilikuwa ya mdogo wake aliyepandishwa cheo, ila Dada Mkubwa hakuwa na habari na cheo. Mama yao alikuwa amekuja kutoka mbali na angeondoka jioni hiyohiyo. Miaka yote Mama alipokuja, Dada alisikia maneno yake nusunusu kupitia mlango wa jikoni. Leo alitaka kukaa naye, basi. Mgeni njoo mwenyeji apone, husemwa. Katika nyumba hii ya mdogo wake, mwenyeji alipona kila mara, aliyeugua ni dada yake.

Akavua aproni, akaketi kwenye kochi kando ya Mama.

"Umekonda, mwanangu."

"Nimechoka tu, Mama."

"Umechoka na nini?"

Ndiyo kwanza afungue mdomo, shemeji yake akaita kutoka mezani.

"Dada, hizi koki hazishikiki."

Alisema kweli. Vidole vyake viligusa koki vikapita ndani yake, vikatokea upande wa pili. Mwenye sherehe akajaribu, mkono wake ukapita vilevile hadi kwenye kifundo. Shangazi alijaribu wa kulia, kisha wa kushoto, akasema labda ni za kisasa. Jirani mmoja alitaka kuuinamisha mtungi, viganja vyake vikakutana katikati ya juisi bila kulowa. Akaomba radhi, akarudi nyuma ya foleni. Hakuna aliyeshtuka. Watu walikuwa na kiu.

"Njoo mara moja tu, Dada," mdogo wake alisema.

Dada Mkubwa akaenda. Koki ilikaa mkononi mwake, ngumu na baridi, ikafunguka. Alijaza glasi moja, aliyefuata akanyoosha yake, na waliotangulia wakarudi tena kwa sababu nanasi lilikuwa tamu. Alitamani kulia, lakini mikono yote miwili ilikuwa na kazi.

"Koki zimekupenda wewe," Shangazi alisema. Wote wakacheka, naye akacheka.

Jua lilipoanza kushuka, Mama aliinuka kwa kushikilia magoti, akaja polepole na glasi yake. Foleni ikampisha. Alinyoosha mkono kwenye mtungi wa chai, na koki ikashikika. Ilifunguka upesi kuliko ilivyomfungukia binti yake.

"Kumbe na Mama anaweza," mdogo wake alisema kwa furaha. Akaisogeza meza mbele kidogo, Mama apate kupita nyuma yake.

Foleni ikagawanyika, mambo yakaenda haraka. Mama na binti yake walisimama bega kwa bega wakijaza glasi. Hawakuzungumza, maana kila mgeni alikuwa na la kuuliza, huyu barafu, yule limau.

Gari la kumchukua Mama lilipopiga honi nje, mdogo wake alitoka kumwomba dereva asubiri kidogo, kwa kuwa wageni walikuwa bado hawajatosheka.