Bwana Halden Si Jiwe

"Jiwe!" alisema Adoyo, jirani wa nyumba ya pili, akiinyoshea televisheni kidole. "Hilo ni jiwe limevishwa koti. Afadhali haya mawe yetu ya Mabatini, mvua ikinyesha unajibanza chini yake."

Wanawake wakaangua kicheko. Mzee Ngosha hakucheka. Alikaa wima kwenye kiti chake, mishipa ya shingo imemtoka.

Televisheni ile ililetwa na mwanawe Yeremia, biashara ya minofu ya sangara ilipomkubali, na antena wakaifunga juu ya jabali nyuma ya nyumba. Kila Jumapili saa kumi ilionyesha tamthilia ya Kiingereza ya mambo ya kale, magari ya farasi na wanaume wa makoti ya mkia. Majirani walikuja kwa sababu Mzee Ngosha alikuwepo wa kuwafasiria. Kiingereza chake alikipata kwa miaka sita ya shule ya jioni, baada ya kushinda akipima marobota ya pamba kiwandani, wala hakupenda kichezewe.

Siku hiyo Bwana Halden, tajiri asiyejua kutabasamu, alimfuata Bi Klara bustanini, mvua inanyesha. Mzee Ngosha alifasiri: "Anamwambia familia yao haina adabu."

"Basi nimemaliza," alisema Winnie, binti yake wa mwisho, fundi cherehani. "Huyo ndiye Antoni wenu. Baba, kesho mshenga akija mpe jibu langu. Siolewi na Halden."

Barua ya posa ya Antoni Chenge ilikuwa kabatini wiki ya tatu sasa. Antoni alikuwa fundi wa injini za boti hapo bandarini, mzaliwa wa Nansio, mchache wa maneno. Mara ya mwisho alikuja, akamwambia Winnie kwamba cherehani yake inapiga kelele kama mashine ya kusaga, akaifungua, akaitengeneza, akaenda zake bila hata kunywa chai.

"Unamkataa mtu kwa sababu ya televisheni?" Mzee Ngosha alifoka. "Nani alimlipia daktari mdogo wake Klara, akakataza asitajwe? Halden! Nani alimrudisha farasi wa yule mjane? Ana kiburi, sikatai. Lakini mnamhukumu mtu kwa ulimi, mikono yake hamuioni!"

"Mikono tumeiona," alijibu Adoyo. "Lakini mwanamke haolewi na mikono, mzee wangu. Hajamwambia neno moja la kumpenda tangu Pasaka!"

"Amemwambia! Mara ngapi amemwambia!"

Mkewe, Tereza, akaacha kuchambua mchele.

"Lini, Baba Yeremia?"

Mzee Ngosha akageukia televisheni.

"Hata leo," alisema Winnie polepole, "ameongea mpaka machozi yakamlengalenga. Wewe umetupa maneno manne. Mengine yako wapi?"

Macho ya mzee yalikimbilia mlangoni, yakarudi upesi. Pale kwenye mkeka alikaa Odeta, mke wa Yeremia, khanga imemfunika mabega, akitazama sakafu kama ilivyompasa mbele ya baba mkwe.

"Mlitaka niyaseme?" mzee aliuliza kwa hasira. "Nimwambie mkwe wangu, kwa kinywa changu, habari za mtu asiyelala kwa kumuwaza mwanamke? Mimi ni mhuni?"

"Kwa hiyo matusi yote umetufasiria," alisema Tereza, "mapenzi ukayameza. Halafu unatugombeza kwamba hatumpendi!"

Odeta akainuka. "Baba, mimi nitoke nje kidogo."

"Kaa!" Aliona haya papo hapo kwa kumkaripia. "Kaa, mama. Hukukosa wewe."

Akasimama. Akakishika kiti chake, akakigeuza, akakaa akiutazama ukuta, mgongo kwa watu wote. Akakohoa.

"Alisema hivi. 'Familia yako haina adabu, na mimi sina raha nisipokuwa mezani kwao. Wiki hii nimepita mbele ya nyumba yenu mara tisa, wala sikuwa na safari. Nikiwa mbali nawe nawaza la kusema. Nikifika, linatoka lingine, baya.'"

Hakuna aliyecheka, hata Adoyo.

"Mara tisa," alisema Winnie. Baadaye akasema, kama anayejisemea, "Bandari iko kule chini. Sasa Antoni kila jioni na baiskeli yake huku mlimani anafuata nini?"

Mzee Ngosha aliuangalia ukuta, akingoja. Alijua kashinda, akataka kuambiwa.

"Baba, mshenga usimpe jibu kesho. Mwambie Antoni aje mwenyewe, akae, anywe chai, aniambie."

"Vizuri sana. Nami nitakuwepo kumsaidia, maana yule ulimi wake..."

"Hapana, Baba," alisema Winnie. "Wewe utakwenda kwa Adoyo. Safari hii sitaki mkalimani."