Kichupa cha Dirishani

Labo nzima ilimwita Micheline Mama Ekonomi, naye alilipenda jina hilo kuliko diploma yake. Kichupa cha kingamwili kilichoisha kwa wiki mbili mikononi mwa wengine, yeye alikivuta mwezi mzima. "Haba na haba hujaza kibaba," alipenda kusema, huku akipima tone kama mama anayepima mafuta ya mawese ya mwisho nyumbani.

Na alikuwa na haki ya kujivuna. Kichupa kilitoka ng'ambo, kikapitia Kinshasa, kisha kikangoja ndege ya kuja Bunia. Ndani yake mlikuwa na kingamwili za monoklonali, yaani zote zimetoka tumbo moja na zinamjua adui mmoja tu: kirusi cha herpes, nazo zimebebeshwa rangi ya kung'aa. Unakwangua lengelenge la mgonjwa, unapaka seli kwenye kioo, unadondosha tone, unangoja nusu saa, unaosha. Ukichungulia kwa hadubini katika chumba cha giza, seli zenye kirusi zinawaka kijani. Zisizo nacho zinabaki nyekundu, basi. Huo ndio uliokuwa utafiti wa Docta Paluku. Vipele vilikuwa vingi mjini, kila mtu akisema ni mpox, naye alitaka kujua vingapi ni herpes.

Jumatano saa nne asubuhi Docta akaingia bila kubisha.

"Mama Micheline, iko mutoto wa siku tisa, wa kambi. Malengelenge kichwani, homa, hanyonyi. Kama ni herpes, ninamutia dawa ya mushipa leo hii. Imebaki ya mutoto moja tu. Kama siyo, anaenda kwa tente ya mpox, na dawa ninaiwekea mwingine. Uniambie mbele ya saa nane."

Mama wa mtoto, Gracieuse, binti aliyekimbia vita vya Djugu na mimba ya miezi saba, alikuwa ameketi kwenye benchi la koridoo, mtoto kifuani. Micheline alipopita kwenda kuchota maji, binti huyo alimshika blauzi.

"Mama, mutoto wangu iko na nini?"

"Ngoja kidogo, mwanangu. Kioo kitasema."

Saa sita kioo kikasema: nyekundu tupu, toka pembe hadi pembe. Micheline akashika biki aandike "négatif", yaani hana kirusi, kama alivyowaandikia wengine kumi na mmoja ndani ya wiki tatu. Mkono ukagoma. Watu kumi na wawili mfululizo, wala hata mmoja? Herpes imehama Bunia?

Hapo aibu ikaanza kumpanda. Kila kazi ilitakiwa iende na kioo cha shahidi, chenye seli zinazojulikana kuwa na kirusi, ambazo ni lazima ziwake. Shahidi asipowaka, ujue kichupa ndicho kimekufa. Na Mama Ekonomi alikuwa ameacha kumwita shahidi wiki tatu nzima, ili asimpotezee tone.

Akamwekea tone. Nusu saa ile ilikuwa ndefu kuliko Kwaresima. Shahidi naye akatoka mwekundu.

"Yesu wangu!"

Kichupa kilikuwa palepale pa siku zote, juu ya barafu kando ya dirisha, jua likikipiga. Kingamwili zile hupoteza ule ung'avu wao zikikaa kwenye mwanga, ndiyo maana kichupa kilikuja kimevikwa karatasi ya aluminiyo. Na karatasi hiyo aliivua yeye mwenyewe, apate kuona kila asubuhi kimebaki kiasi gani. Wiki tatu alikuwa akitunza matone yaliyokufa. Mjinga yeye!

Angeweza kufungua kichupa cha pili, kile kilichowekwa akiba hadi Januari, akapima upya na kunyamaza. Nani angejua? Wale kumi na mmoja wangebaki na "négatif" yao, na jina lake lingebaki zuri. Alilitamani hilo kwelikweli, tusimsingizie utakatifu. Lakini mficha uchi hazai, na wale kumi na mmoja walikuwa na mama zao kama huyu wa kwenye benchi.

Akafungua kichupa cha pili, karatasi yake akaiacha mwilini. Saa nane kasoro dakika tano, shahidi akawaka. Kisha akasogeza chini ya hadubini kioo cha mtoto, alichokidondoshea tone pamoja na shahidi, nacho kikawaka kijani kama majani machanga ya maharagwe.

"Docta, ni herpes. Anza dawa," alisema mlangoni. "Na wale kumi na mmoja wa kwanza, sijui wana nini. Kichupa kilikuwa kimekufa. Ni mimi nilikiua."

Akaeleza yote, amesimama.

"Weye, Mama Ekonomi?" Docta Paluku akauliza.

"Mimi."

Docta akachukua dawa akaenda wodini. Gracieuse alipopita nyuma yake alisema, "Aksanti sana, mama," na Micheline akarudi labo.

Akafungua rejista, akafuta "négatif" kumi na moja, kisha akachukua simu. Wa kwanza alikuwa Sandrine wa Gety, miaka minne, vipele kando ya jicho.

"Allô, Mama Sandrine? Ni Micheline wa labo, Bunia. Mutoto iko namna gani?"

"Mulituambia hana kitu," mama alijibu. "Sasa jicho moja halione."

"Ni mimi nilisema, mama. Nilikosea. Mulete kesho, nitakuwa hapa mulangoni."