Mugenzi, Rudi Ule

Bibi Pudentienne alihamisha mtama wote kutoka stoo yake pale Masaka, akaziba kuta kwa mikeka ya kulalia, ili mjukuu wake Belyse apate mahali pa kurekodia. Belyse na wenzake wa bendi ya Igihu, yaani ukungu, hupiga muziki wa bleki meto: magitaa yananguruma kama mvua ya mawe juu ya mabati, na mwimbaji anapiga mayowe badala ya kuimba. Hiyo ilikuwa albamu yao ya kwanza. Ulibaki wimbo mmoja, na mitambo ya watu ilitakiwa irudi Kagarama jioni hiyo hiyo.

Tena hawakuwa watu wa kukatakata na kuunga. Wimbo waliupiga wote kwa pamoja, mwanzo hadi mwisho. Mmoja akikohoa, wanaanza upya. Na mikono ya Shimwa, mpiga ngoma, ilikuwa imeshavimba.

"Hii ikiharibika, Bibi, sina nguvu ya nyingine," alisema, viganja vyake vimo ndani ya beseni la maji baridi.

"Haitaharibika," akajibu Bibi, kama mtu anayeambiwa jua litatua.

Ngoma zilipoanza, akakaa kibarazani kuchambua maharage. Mara akamwona Mama Ariane, jirani wa ng'ambo ya barabara na kiongozi wa kikundi cha maombi, anavuka na wenzake wawili, Biblia kwapani. Bibi akawahi kufungua lango kabla halijagongwa.

"Mukecuru, bibi yetu, pole sana! Tumesikia. Ni Belyse, sivyo? Na pepo lenyewe tumelijua jina, ni Mugenzi. Analitaja, analitaja! Tupishe tulikemee."

Kukemea kwao Bibi alikujua; kulisikika mpaka Rebero. Na pale dirishani pa stoo vijana walikuwa wametundika maikrofoni moja ili inase upepo wa uani.

"Kuna kitu kinatoka mle ndani," akasema polepole. "Mkikikatiza njiani, kitabaki humo. Kwanza karibuni mnywe."

Nani atamweleza mwenye nyumba shida yake kabla hajaonja cha kwake? Wakaketi. Bibi akaleta kibuyu cha ubushera, kinywaji cha mtama kisicholevya hata mlokole, pamoja na mirija. Desturi ni mwenyeji aonje kwanza, mgeni ajue hakuna sumu. Akaonja. Akasikilizia ulimini. Akaonja tena.

"Mukecuru, unaonja au unamaliza?" akanong'ona mmoja wao.

"Nahakikisha, mwanangu. Kuna sumu zina haya, hazijitokezi haraka."

Ndipo akawapa. Na kinywa chenye mrija hakikemei shetani. Walifyonza, macho yote stoo. Mle ndani Belyse alilia, "Mugenzi, rudi ule!" hadi maharage yakatetemeka kwenye ungo. Bibi yeye hakutetemeka. Magitaa yakapanda, ngoma zikapanda nayo, halafu vyote vikaanguka pamoja. Kimya. Na katika kimya kile mrija wa Mama Ariane ukafika chini ya kibuyu: sruuup!

Mlango ukafunguka. Belyse akatoka, uso umepakwa rangi nyeupe na nyeusi, jasho linamchirizika. Alipoona wakubwa, akasalimia kwa mikono miwili. "Mwiriwe, Mama Ariane."

Mama Ariane alirudi nyuma kidogo. "Mugenzi ni nani?"

"Ni mjomba wake Bibi. Njaa kuu ya zamani, Ruzagayura, ilimchukua akiwa mtoto. Dada yake alishinda akimwita hivyo hivyo, kwa sauti hii."

"Huyo dada ndiye mama yangu," akasema Bibi. "Alizeeka akimwita usingizini."

Mama Ariane akashusha Biblia magotini. "Na mimi nilikuja kumfukuza," akasema kwa sauti ya chini.

Kutoka stoo Shimwa akapaza sauti, hedifoni zingali masikioni. "Imeingia yote! Safi! Ila mwisho kabisa kuna mtu anafyonza mrija. Nikate?"

Wote wakamgeukia Mama Ariane, naye akajifunika uso kwa kitenge. Bibi akavuta ungo wake karibu.

"Acha hapo hapo," akasema. "Mtoto ameitwa, amekuja, amekunywa mpaka tone la mwisho. Sasa rudisheni mitambo ya watu."