Brashi ya Alhamisi

Siku ya Alhamisi kikanisa cha Montefosco hufungwa kwa wageni ili Fulvio Bandieri afute vumbi kwenye sanamu. Saa sita mchana mkewe, Ersilia, alimpelekea mkate, soseji na kahawa. Alimkuta amepiga magoti kando ya kaburi la Lavinia, mke wa bwana mmoja wa kale; juu ya kaburi Lavinia alichongwa kwa marumaru miaka zaidi ya mia tano iliyopita, amelala chali, mikono kifuani. Fulvio aliijaribu brashi ya manyoya ya mbuzi shavuni mwake mwenyewe kwanza, isije ikawa kali, ndipo akaipitisha chini ya jicho la Lavinia. Lavinia akainua kidevu ili brashi ifike shingoni.

"Tangu lini anainua kidevu?" Ersilia aliuliza.

"Tangu Pasaka. Ananipunguzia kazi."

"Na mimi shingo yangu umeigusa lini?"

"Sogeza huo mkate, mke wangu. Utamwangushia makombo."

Mlangoni, Norma, dada yake Fulvio, ambaye siku nyingine huwakatia wageni tiketi, alicheka. "Wifi, unalionea wivu jiwe?"

"Lingetulia nisingesema. Linajishaua."

"Basi kajilaze na wewe."

Alhamisi iliyofuata Ersilia alivaa gauni lake la kijani, akajilaza kwenye benchi la mawe mkabala na Lavinia, mikono kifuani. Saa saba miguu yake ilikuwa marumaru. Kengele ya jioni ilipolia, marumaru ilikuwa imefika utosini. Haikuuma, ilikuwa baridi tu, kama sakafu ya stoo ya divai. Fulvio alikuwa ameshamaliza kazi na kwenda zake. Norma alikimbia kuzima jiko la wifi yake, maana mchuzi ulikuwa motoni.

Jumapili wageni kutoka Modena walimzunguka Ersilia. Mmoja alisifu marinda ya gauni, akasema siku hizi hakuna fundi wa kuchonga vile. Norma aliongeza kamba ya kuwazuia wasimguse.

Alhamisi Fulvio alikuja na brashi yake. Alianza na malaika, akaja kwa askofu, kisha Lavinia, ambaye sasa aligeuza kichwa ili apigwe brashi nyuma ya sikio. Hapo akasimama mbele ya mkewe. Vumbi la wiki nzima lilikuwa limetua kwenye kope zake.

Ersilia aliinua kidevu.

Fulvio alifungua daftari la sanamu, akapitisha kidole mstari kwa mstari hadi mwisho.

"Hayumo," alisema.

"Ni mkeo, kaka!" Norma alisema.

"Najua ni mke wangu. Lakini hayumo kwenye orodha, na brashi hii ni ya sanamu za karne ya kumi na tano."

Akafunga daftari, akaketi miguuni pa Ersilia, akafungua mkate aliojikatia mwenyewe. Makombo yalidondoka kwenye marinda. Alipomaliza kula alifunga mlango kwa ufunguo, akaondoka.

Ersilia alibaki ameinua kidevu.